Maneno Uliyomwekea Jamaa wa Upepo

Baba Kendi,

Sisi tuko, na mabati ya banda la sinema bado yanapiga kelele upepo wa mchana ukianza. Nakuandikia kwa sababu picha ya tatu ya Jamaa wa Upepo imefika, ile uliyoingojea mpaka ukaenda. Sikutaka uikose kabisa. Mwandiko ni uleule wa darasa la tatu, utavumilia.

Unakumbuka sinema zilivyokuwa hapa Kiwanjani kabla yake. Watu wa farasi na bunduki, watu wa mateke. Anayebaki amesimama ndiye mzuri, imeisha, twendeni nyumbani. Sisi wanawake hatukuwa tunaingia, tungetafuta nini huko? Halafu lori likaleta huyu fundi wa saa ambaye upepo ukivuma anapata nguvu, anaruka, anashika daraja lisianguke, na jioni anarudi kula kwa mama yake. Shujaa ana mama! Wewe ulikuwa umesimama kando ya shuka ya kuonyeshea picha, na kipaza sauti, unageuza Kizungu kuwa Kiswahili. Pale anapotoka mlangoni bila neno, ukamwekea: "Mama, usilale njaa ukiningoja." Haikuwa kwenye picha. Nilipokuuliza nyumbani ukasema, "Mtu hawezi kumwacha mama hivyo, kimya kimya."

Ndipo wanawake wakaanza kujaa. Na picha yenyewe ikaisha bila kuisha, jamaa amepotea mawinguni. Mzee Guyo wa mbuzi akasimama: "Baba Kendi, umeikata kama nyama, paja umeficha kwako?" Ikaja ya pili. Tangu hapo kila picha inayoletwa inataka kufanana nayo. Hata wale wa bunduki wamejifunza kulia, wamepata nyumba, na wanakatiza hadithi katikati ili turudi. Guyo anasema siku hizi hata majambazi wa sinema wana mama.

Dereva mmoja aliyeiona picha ile ya kwanza kule Nairobi alikuja kubisha, eti maneno ya njaa hayamo. Guyo akamwambia, "Pole, rafiki, ulionyeshwa mbovu."

Sasa hii ya tatu. Mwenye banda alitaka kuionyesha bila msemaji, watu watajionea. Kendi akasema atasema yeye. Baba Kendi, unanijua mimi na wasiwasi. Msichana mbele ya wanaume wote wale, wamzomee, na tangu tukuzike hata salamu anaitikia kwa shida? Kipaza sauti chako nilikuwa nimekifunga kwa leso, sandukuni, pamoja na koti lako. Akaniambia, "Mama, hiyo kazi nimeisikia tangu nikiwa mgongoni mwako." Nikamfungulia.

Nilikaa karibu na mlango, ili wakimzomea nimtoe. Haikuchukua muda, mmoja wa nyuma akapiga kelele, "Leo shujaa ana sauti ya msichana!" Kendi akamjibu kwa kipaza sauti, "Na wewe una domo la shangazi, nyamaza watu wasikie." Banda lilicheka mpaka mabati yakaitikia. Baada ya hapo walimfuata.

Mwisho wa picha, upepo unamchukua jamaa kabisa. Harudi. Mama yake anabaki mlangoni, nyuma yake sahani imefunikwa mezani. Hakuna anayesema, ni muziki tu. Banda zima lilijua hapo ndipo mahali pa maneno yako. Kendi akanyamaza. Nikaona amesahau, au analia. Nikasimama.

Halafu akasema, na hakuwa anasema kwa sauti ya jamaa, alikuwa anasema kwa sauti ya mama:

"Mwanangu, nimekula. Wewe nenda tu."

Hukumfundisha hayo. Ni yake. Guyo alitoka bila utani, na hiyo unajua si kawaida.

Baba Kendi, tangu uende nimekuwa nikikuwekea sahani jioni na kuifunika. Nilidhani mtoto haoni.

Basi. Jana nilipakua sahani mbili tu, yangu na ya Kendi. Pumzika bila kutuwazia. Kipaza sauti hakirudi sandukuni, hiyo nakuahidi, na Kendi akisimama kando ya shuka nitakaa kule ndani katikati ya watu, si mlangoni.

Ni mimi,
Mama Kendi