Gia ya Tatu Sasa Ni Nzima

Tuva mwanangu,

Jumanne tarehe 14 Februari giaboksi ya gari letu la turbo ilivunjika njiani, mama yako akihema kiti cha nyuma, hospitali ya Sundsvall bado kilomita themanini. Hospitali ya hapa kwetu wakubwa wa serikali walishaifunga. Hao ndio waliomuua.

Supu ya njegere iko jikoni, ipashe. ~~Gari usiliguse.~~ Gari chukua, mimi nimeenda makaburini kwa miguu.

Asubuhi nilikufokea bure: "Gia ya tatu unaiogopa nini wewe?" Unairuka kama mama alivyokufundisha, kuidekeza ile giaboksi mbovu. Hii mpya niliyofunga ni imara. Itumie.

Injini niliiongezea nguvu mimi, giaboksi nikasema itasubiri. Ningeifunga hii mapema, angefika?

Baba