Sauti Waliyoitafuta Kiwandani Muhima

Gwiza, naandika kimya kimya, mama yuko chumba cha pili. Unajua alivyokuwa hataki kabisa kuzungumzia kile kiwanda. Leo amesema.

Ilikuwa 1991, alikuwa anafunga sabuni pale Muhima. Kapita wao, yaani msimamizi wa kazi, Sylvère, alikuwa anawaita wasichana stoo mmoja mmoja na kuwashikashika. Mama akaenda posta, akampigia simu mwenye kiwanda, akamweleza yote bila kutaja jina lake mwenyewe.

Kesho yake mwenye kiwanda akawapanga wanawake wote uani, Sylvère amesimama kando yake. Akaamuru kila mmoja atamke, "Kapita anatushika stoo," mpaka aitambue ile sauti.

Mbele ya Sylvère mwenyewe, Gwiza. Mmoja mmoja. Mwenzake Domitille aliisema huku analia, maana yeye yalikuwa yamempata juzi tu.

Zamu ya mama ikafika. Alitaka kubadilisha sauti, ikatoka sauti yake ileile.

Mwenye kiwanda akamtazama weee. Kisha akasema, "Si huyu."

Alimjua. Mama anaapa alimjua.

Jioni mwenye kiwanda akamngoja getini, akamwambia polepole, "Illuminée, nimekuficha. Usinipigie tena."

Sylvère akabaki na funguo za stoo. Mama naye akabaki, kazi nyingine angeipata wapi? Na kila asubuhi mwenye kiwanda alimsalimia kwa jina, mbele ya wenzake wote, na ilimbidi amjibu, "Asante, bosi."