Risiti za Kuku wa Mama Eliza

Dodoma, 3 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo, hofu ni juu yako na hilo sikio. Kwenye simu tunaishia kupigiana kelele, basi nakuandikia.

Kesi tumeshinda, lakini haijaisha. Ile kampuni iliyogoma kulipia alizeti yetu kwa miaka tisa, sasa inabishia gharama zetu za kesi, moja baada ya nyingine. Wakili Calist anataka risiti: nauli, malazi, chakula cha mashahidi. Ulizonazo mpe kondakta Joshua.

Mwanao,
Aneth

Mkiwa, 14 Machi 2024

Mwanangu Aneth,

Marahaba. Mimi mzima, ila magoti yamegoma. Mjukuu wangu ameota meno?

Risiti hizo hapo, rundo zima. Zangu zililiwa na mchwa, zikabaki chache. Basi nimepita nyumba kwa nyumba na Katekista Stanley, yeye akiandika, wenyewe wakitia dole gumba. Hata Mama Eliza, aliyetuchinjia kuku kila mashahidi walipolala hapa. Alikataa, akasema alitoa bure, yeye ni jirani siyo hoteli. Nikambembeleza. Kwani kuku hawakuliwa? Shahidi wetu Edward alilamba mpaka sahani.

Waambie huko waharakishe. Sitaki kufa nikiitwa mdai.

Baba yako

Dodoma, 17 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Salamu leo ni fupi, nimekasirika.

Risiti za miaka tisa, mwandiko mmoja, kalamu moja! Na Mama Eliza ametia dole kwamba amepokea hela ambayo hajaiona. Wakili wa kampuni akiziona atasema tumeghushi, na wewe na magoti yako utasimamishwa uulizwe habari za kuku mmoja mmoja. Naogopa, baba.

Calist amekataa kuzipeleka. Wiki ijayo atamwomba Jaji atupe gharama kwa mkupuo, yaani akadirie kiasi kimoja, mambo yaishe. Jaji akikataa, sijui tutafanyaje. Tuombee, na usimwandikishe mtu mwingine!

Mwanao,
Aneth

Dodoma, 26 Machi 2024

Baba yangu,

Shikamoo, na tena shikamoo! Imeisha.

Jaji alisema kesi imeburuzwa vya kutosha, na aliyeiburuza ni kampuni kwa kuahirisha bila sababu. Kupekua kila risiti, alisema, ni kuzaa kesi nyingine ndani ya hii. Akatazama ukubwa wa madai na kazi iliyofanyika, akataja kiasi kimoja. Wamepewa mwezi mmoja kulipa. Ni pungufu ya tulichotumia, usinune. Mimi nililia pale nje kwa furaha mpaka Calist akanipa leso.

Risiti zako nakurudishia. Washia moto.

Mwanao,
Aneth

Mkiwa, 2 Juni 2024

Aneth mama,

Marahaba. Natumaini mko salama, na hayo meno yametoka.

Hela imeingia. Kununa ninune nini? Toka uniandikie nalala mpaka jua linanikuta kitandani, watu wanadhani naumwa.

Risiti sikuchoma. Jana nilizichukua nikaanza na Mama Eliza. Hela akaikataa tena. Nikamwonyesha dole gumba lake. "Ulishasema umepokea," nikamwambia, "sasa unataka tuwe waongo wote wawili?" Alicheka mpaka akakaa chini, akapokea. Leo naendelea na nyumba nyingine, magoti yamekubali.

Jioni aliniletea jogoo. Risiti sikuomba.

Baba yako,
mdai mstaafu