Jiwe Namba Tatu

Jumatatu, 10 Novemba 2025

Makena amelamba jiwe la chuo sasa hivi! Nimempokonya, akacheka, vumbi kidevuni. "Yummy," ananiambia. Miaka mitatu tu, Kiswahili anaelewa chote, jibu ni Kizungu.

Mawe ni matatu, kila moja na namba yake kwa wino, ameniazima mwalimu Lilian wa chuo, Mkenya mwenzangu. Alhamisi ni interview ya kozi ya sayansi. Nieleze mwanasayansi mmoja, kisha nieleze mawe. Nikianguka ni kungoja mwaka mzima — na tumbo halingoji. Mtoto wa pili anakuja Juni. Anajua mume wangu Victor peke yake. Chuo wakijua, si wataniambia nikalee kwanza?

Nimemchagua William Maclure. Mskochi aliyegeuka Mwamerika. Alikuwa mfanyabiashara, hata hapa London alikaa. Akaacha biashara, akashika nyundo! Milima ya Allegheny wanasema aliivuka mara hamsini, akigonga mawe. Ramani yake ya miamba ya Amerika ilitoka 1809, yeye akiwa ameshapita miaka arobaini. Mimi nina ishirini na sita. Bado mapema.

Jumatano, 12 Novemba

Nimefanya ujinga.

Kwa basi kutoka kazi yangu ya usafi, Wembley, kichefuchefu kilinishika. Nikaingiza mkono kwa mkoba, nikatoa odowa, yale mawe ya kula mama mkwe alinitumia kutoka Nairobi nikiwa na mimba ya Makena. Nikatafuna. Harufu ya mvua ya kwanza! Kugeuza kipande kilichobaki — namba 3, wino mweusi. Nimekula jiwe la chuo. Nusu nzima.

Victor amecheka mpaka akakaa chini. "Mama Makena, digrii imeingilia tumboni." Eti nichukue odowa, niandike 3, nani atajua? Nikamwambia yule mwalimu ni mtu wa mawe. Na kumwambia ukweli siwezi. Kwetu mwanamke akisema amekula jiwe, ameshasema ana mimba.

Nimeandika 3. Namba imepinda.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimekaa koridoni, chuoni. Victor ameitwa kazini ghafla, Makena niko naye, amekaa sakafuni miguuni pangu. Mawe mawili mapajani: la uongo, na nusu yenye alama za meno yangu.

Maclure kabla hajafa aliacha mali yake ianzishe maktaba za watu wa kazi za mikono. Watu kama mimi. Ningependa kulisema hilo bila kuficha kitu mkobani.

Mwalimu Lilian amepita. Ameniambia tutaanza na la tatu, ndilo analolipenda zaidi. Mungu wangu!

Makena ananyooshea kidole ile nusu. "Mummy, you eat that one." Kwa sauti! Mama wa kiti cha pili ameniangalia tumbo, akatabasamu.

Basi. Nimefuta ile namba kwa mate. Odowa nimerudisha mkobani. Nusu yangu imeingia kwa kifuko cha chuo, pamoja na la kwanza na la pili.

Mlango umefunguka — "Njeri?" — naja, naja. Nitaanza hivi: Mwalimu, jiwe la tatu ni laini, linashika ulimi, linanuka mvua. Najua kwa sababu mimi —