Hadubini ya Baba na Vioo Vilivyooshwa

Kibokoni, Mji wa Kale,
Mombasa.
18 Agosti 1996

Mpendwa ndugu yangu Kiti,

Natumai wewe, shemeji Purity na watoto mu wazima huko Lusaka. Sisi tunapumua. Baba miguu inamsumbua. Masikio hayamsumbui hata kidogo. Mimi kazi ya gazeti imenichosha, na mfereji haujatoa maji kwa siku tisa.

Barua yako ilifika. Nilimsomea baba mara mbili kwamba chuo unachofundisha kitaiweka kabatini ile hadubini ya shaba aliyoachiwa na daktari Mwingereza, ya enzi za Malkia Viktoria, pamoja na vioo vyake vya damu, na jina la baba liandikwe. Akataka mara ya tatu.

Sasa habari yenyewe. Dada Zilpah hakutaka kitu cha baba kifike ugenini kichafu. Jumatano aliisugua shaba kwa ndimu na majivu, kama masinia ya arusi, mpaka vanishi ya kale ikabanduka. Hilo lingevumilika. Kisha akafungua kisanduku cha vioo, vile arobaini na vitatu ambavyo baba, akipima damu hospitalini, alivipaka damu ya wagonjwa wa malaria na kuviandika kwa mkono wake tangu 1939, akaviloweka kwenye maji moto na sabuni. Damu ilitoka. Vibandiko vya karatasi pia.

Jamaldin wa Ndia Kuu, anayefungasha vitu vya kale, alikuja kufunga mzigo. Aliinua kioo kimoja dirishani, akasema taratibu, "Dada, kazi ya mzee imekwenda na maji."

Zilpah akaketi sakafuni. Lenzi tatu, koleo na kioo cha kumulika ni vizima, lakini najua hivyo sivyo mlivyovitaka zaidi.

Baba alisikia yote. Aliitisha hadubini, akaielekeza kwenye mwanga, akaweka kioo kimoja kilichooshwa. Alitazama kitambo, kidole kwenye gurudumu dogo.

"Huyu hana malaria," akamwambia Zilpah. "Mwambie aende kwao. Lete mwengine."

Alivipitia vyote, Zilpah akimkabidhi kimoja kimoja huku akijifuta machozi. Kufikia alasiri wagonjwa wote arobaini na watatu walikuwa wameruhusiwa.

Waulize wenzako kama wataikubali shaba bila vioo. Wakikataa, usimwandikie baba. Niandikie mimi.

Binamu Dzoro na jirani yetu Sheikha wanakusalimu. Mungu awaepushe na mabaya.

Nduguyo akupendaye daima,
Kaingu