Kimchi ya Ruziba

Mutanga Sud, Bujumbura
Jumapili, tarehe 9 Juni

Kwa Baba yangu, Mzee Hamissi, Gitega.

Assalam alaikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, sukari imeshuka na mguu wa kushoto umeacha kuvimba. Sisi huku hatujambo. Mama alipasuliwa mtoto wa jicho salama na sasa anatunga uzi kwenye sindano bila kuniita. Nimekuuliza hali kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kwamba barua isiyo na salamu ni barua ya polisi. Salamu zimekwisha. Sasa nisikilize.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema mwezi ujao unashuka Bujumbura na Mzee Chabani pamoja na mgeni wake Mkorea, anayetaka kuleta mashine za kukoboa kahawa, na kwamba umewaahidi kuwapeleka mahali penye chakula kizuri cha Kikorea, kwa kuwa wewe umeishi kwao miaka mitatu na hudanganywi na sahani. Ukaniomba nikutajie mahali. Kisha ukaongeza kwamba nisitaje kwangu, maana mgeni kama huyo anahitaji mahali pa heshima.

Haya, nakutajia. Kuna hoteli moja kule ufukweni ambako watakuleteeni tambi zilizomwagiwa sosi ya nyanya, wakaziita za Kikorea kwa sababu wameziwekea vijiti. Kuna Wachina wa mjini. Wanapika vizuri, lakini ni Wachina. Chakula cha Kikorea chenyewe kiko mahali pamoja tu ninapoweza kupaapia, nyuma ya chuo kikuu, geti la kijani, na hapo ni kwangu. Nyama iliyokatwa nyembamba na kulazwa katika soya na kitunguu saumu, wali uliopangiwa mboga saba na yai juu, na kimchi, ile kabichi yao ya pilipili, iliyochachuka siku tano. Nyama ni halali. Na hapo ndipo hutaki kukanyaga, Baba, na si kwa sababu ya heshima.

Unakumbuka nilivyofungua. Nilifungua kwa jina lako. Ukutani niliandika kwa rangi nyekundu kwamba mapishi haya yameletwa na baba yangu kutoka Korea. Kila Idi ulikuwa unamfukuza Mama jikoni, unakata kabichi, unaichanganya na pilipili, tangawizi na ndagala, wale dagaa wa ziwani, waliosagwa, huku ukitusimulia theluji inavyofika magotini. Nilipika vilevile. Wanafunzi walipenda, wakaleta wenzao.

Ndipo akaja Madamu Han. Ni mama Mkorea, mtu mzima, anafundisha kushona katika kituo cha hapa karibu, na Kifaransa chake kinashinda changu. Akaonja mara moja, akaweka kijiko chini. Akasema ni kitamu, lakini si cha kwao. Kabichi haikulazwa na chumvi, haikuchachuka, na hao samaki yeye hakuwahi kukutana nao. Mimi, kwa ujinga wa mtoto anayemwamini baba yake, nikabishana naye mbele ya wateja. Nikamwambia baba yangu alisomea mashine kwao tangu mwaka themanini na sita. Nikakupigia simu, nikaweka sauti juu ili wote wasikie. Madamu Han akakusalimu kwa lugha yake, taratibu, kama anayemsalimu ndugu. Wewe ukakohoa. Ukasema mtandao mbaya. Ukazima simu siku mbili.

Meza tatu walisikia. Vijana wawili walicheka hadi wakafuta machozi. Madamu Han hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Wiki iliyofuata alirudi na mfuko wa pilipili ya kwao na aproni yake mwenyewe, akanifundisha kuanzia mwanzo: kutia chumvi kila jani, kugeuza, kuosha mara tatu, kupaka, kushindilia ndani ya chupa hadi ilie. Yale maandishi ya ukutani niliyapaka chokaa mimi mwenyewe. Sikukwambia. Nilijipa moyo kwamba labda uzee umekusahaulisha lugha.

Mwezi wa tatu nilihitaji ndagala wabichi wa kutengenezea ule mchuzi wa samaki unaoingia kwenye kimchi. Nikaenda Ruziba, kwa wavuvi kando ya ziwa, nikaelekezwa kwa mama mmoja anayeanika samaki, Daphrose. Tulipatana vizuri. Ilikuwa saa sita za mchana, akaniambia sitaondoka na njaa. Akaleta bugali na bakuli la mboga. Nilitia tonge moja mdomoni, nikaacha kutafuna.

Kabichi, pilipili, tangawizi, ndagala waliosagwa. Mkono wako, Baba.

Nikamuuliza nani alimfundisha. Akashangaa. Akasema: «Afundishe nani? Hii ni ya hapa kwetu, mama yangu alipika hivi. Kulikuwa fundi mumoja wa moteri za mitumbwi, Hamissi, mutu wa Gitega. Alikaa kwangu miaka tatu. Ye alikula hii kila siku, apana kuchoka.»

Alisimulia bila kuficha, maana hakujua mimi ni nani. Jinsi ulivyofika uwanja wa ndege na sanduku jipya, ukaambiwa jina lako halimo kwenye orodha. Jinsi ulivyoona haya kurudi Gitega, ambako mbuzi watatu walikuwa wamechinjwa kukuaga. Ukateremka Ruziba ukatengeneza moteri. Wakati anasema, aliingia mwanamke na beseni la samaki kichwani, Lisette, binti yake. Ana paji lako la uso, na ule mwanya wa meno ya mbele ambao mimi niliuchukia utoto wangu wote. Ana miaka thelathini na saba. Hukumtumia hata daftari la shule.

Aibu ya uwanja wa ndege naielewa, Baba. Mtu anaweza kushindwa kurudi siku ile, hata mwaka ule. Lakini dini yetu ilikuruhusu kuoa mke wa pili, mchana kweupe, mbele ya mashahidi. Ulichotakiwa ni kufungua mdomo tu. Badala yake ulimwacha mwanamke na mtoto mdogo, ukarudi na sanduku lilelile, ukatuuzia mboga yake kwa jina la nchi ambayo hujaiona.

Sasa nakuungamia langu. Nilikaa na jambo hili hadi bandeji ya Mama ilipotolewa, kisha nikamwambia. Nilidhani atalia. Aliendelea kuchambua mchele. Akasema anajua tangu mwaka wako wa pili: alishuka Bujumbura kununua vitambaa, mtu akamnong'oneza, akaenda Ruziba, akakuona kwa mbali umembeba mtoto begani. Akageuka, akapanda gari.

Na zile barua, Baba? Zile za kutoka Korea, ambazo mimi mtoto wa miaka tisa nilikuwa namsomea Bibi kila zinapofika, Bibi akibusu karatasi? Aliziandika Mama. Theluji aliisikia kwenye redio. Uliporudi ukazisoma, ukaanza kutusimulia theluji hiyohiyo kutoka katika barua zake, na yeye akakupakulia chakula akanyamaza. Nilimuuliza kwa nini. Akasema mama yako alikuwa mgonjwa, na alistahili kufa akiwa na mwana aliye Ulaya au Korea, popote, kuliko mwana aliyejificha. Nimekasirika naye pia. Lakini yeye yuko mbele yangu, na ananitazama machoni.

Mzee Chabani sijamwambia kitu. Hiyo nakuachia. Daphrose na Lisette nimewaalika, na tangu mwezi uliopita mboga yao iko kwenye orodha yangu ya vyakula, kwa jina la Ruziba. Madamu Han huila kila Alhamisi. Mlete mgeni wako siku yoyote upendayo. Atakula vizuri, na atakusalimu kwa lugha yake.

Wasalimie majirani na shangazi. Wanangu wanakusalimu, maana hawajui. Nilimuuliza Mama kama ana salamu zozote kwako. Akasema salamu za nyumba hii ameshaziandika zote.

Ni mimi binti yako,
Houda