Injini Isiyolia

Liuli, Jumanne

Shikamoo mama,

Jua la huku linachoma, na usipa, dagaa wa huku, nimekula mpaka nanukia ziwa. Leo nilikuwa najifunza kuendesha boti ya injini ya betri. Wavu ulinasa kwenye pangaboi. Injini ilikuwa kimya, nikadhani imezima, kama mashine yetu ya kumenya kahawa ikinyamaza, nikapeleka mkono majini. Mama Agnesi, anayenifundisha, akaudaka. Kiwiko changu kikagusa mpini wa kuongeza mwendo, pangaboi likauchana wavu.

"Wewe mtu wa milimani! Hii hailii hata ikiwaka. Chomoa ufunguo kwanza!"

Sikushuka. Ufunguo una kamba, nikaifunga mkononi; nikianguka, kamba inauchomoa na injini inazima. Kesho naendesha tena. Ukinipokea nyumbani Litembo, nihesabu vidole. Vitakuwa kumi.

Mwanao,
Kandida